Siombi Radhi kwa Mvua

Kionga, Jumapili baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Nakushika miguu yote miwili, na lile goti linalokuuma nalishika taratibu. Umeamkaje? Wameamkaje hapo nyumbani? Paa mliloanza kuliezeka mliporudi kutoka kambi ya wakimbizi limemalizika, au bado mnahamisha mkeka upande huu na upande ule? Mihogo imeota? Nguruwe wameacha kuingia shambani? Mimi huku ni mzima wa mwili. Ninakula, ninalala, na sijakonda kama atakavyokuambia Bwana Anlawe. Alinikuta nimejifunga kanga ya mama mkwe, pana kuliko mimi, akaona nimeisha.

Dada Atija, wewe unayemsomea mama, shikamoo na wewe. Soma polepole na usiruke pahala. Nakujua, ukifika penye ukali unapenda kulainisha. Leo usilainishe.

Mama, maneno yako yamenifika. Bwana Anlawe alisimamisha pikipiki yake hapa uani Ijumaa, akashusha sabuni na mafuta anayouza, kisha akayasema mbele ya watu kama ulivyomtuma: kwamba mmesikia nimewaaibisha, niombe radhi kwa wakwe zangu haraka, na kwamba Ijumaa ijayo mjomba Chande atakuja na jogoo na unga wa mtama aniombee radhi, kwa kuwa mdomo wangu umekuwa mzito. Nilimshukuru Bwana Anlawe, nikamchotea maji ya kunywa. Kisha nikaingia ndani nikalia. Sikulia kwa haya, nililia kwa hasira. Mmesikia upande mmoja tu, na tayari mmeshamchagua jogoo. Kwa hiyo nimekaa chini na daftari nikuandikie ilivyokuwa tangu mwanzo. Bwana Anlawe anarudi huko Jumanne na ameahidi kuichukua barua hii.

Unajua nimeolewa nyumba ya chumvi. Mama mkwe wangu, Bi Mwanacha, ana vitalu vya chumvi nyuma ya mikoko, wenyewe wanapaita salina. Maji ya bahari huingizwa wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, yakapitishwa kitalu hadi kitalu, na jua likayanywa siku baada ya siku mpaka chumvi inabaki chini. Halafu tunaikwangua kwa ubao wenye mpini mrefu, tunairundika, tunaibeba kwa vikapu hadi bandani. Ni kazi ya miezi, na katika miezi hiyo yote kinaombwa kitu kimoja tu, jua.

Asubuhi ya kwanza niliyoamka hapa jua lilikuwa linachoma tangu saa moja. Nilitoka nje nimekunja uso. Mama mkwe alikuwa amesimama uani anatazama juu, anatabasamu, akasema siku imeamka nzuri. Nilidhani ananitania. Sisi siku kama ile tunaiita ya kuua mbegu. Wao wanaisifu, na wana kipimo chao kabisa: kunguru akitua juu ya mnazi akaachama mdomo kwa joto, hiyo ndiyo siku nzuri. Asipoachama, wanaguna. Wingu likipita wanasema mbingu imechafuka, kama vile mtu aliyeona shuka lake jeupe limekanyagwa.

Mimi mke mgeni ningesema nini? Kila asubuhi nilikunja uso nikaitikia, kweli mama, siku nzuri. Miezi mitano nimewaambia uongo huo. Kama wanataka radhi kwa uongo huo, wanipe nafasi, nitaiomba hata kesho.

Sasa sikiliza siku yenyewe. Ni wiki tatu zilizopita. Chumvi ilikuwa imeiva, tulikuwa tuikwangue Jumatatu. Mama mkwe na wifi yake, yule Bi Zaituni, shangazi wa mume wangu, walikwenda msibani kitongoji cha pili. Mimi niliachwa salina nifukuze mbuzi wasikanyage vitalu. Baada ya adhuhuri nikaliona wingu. Lilitokea magharibi, Mama, upande wenu. Mwanzo lilikuwa dogo nyuma ya minazi, kisha likapanda, chini jeusi, juu jeupe limejaa kama unga uliofurika ungoni. Upepo ukageuka. Nikanusa udongo uliolowa mbali huko, nikajua Pundanhar inanyesha. Nikakuona umetoka mlangoni na masufuria unayapanga chini ya paa. Nilifurahi, Mama. Naliandika wazi ili dada Atija alisome wazi. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Na hapo ndipo lilipo kosa langu, wala silikatai. Ningekimbia kuwaita msibani pale nilipoliona mara ya kwanza, tungeokoa vitalu viwili, pengine vitatu. Sikukimbia. Niliegemea mpini wa ubao nikalitazama lile wingu. Nililitazama kwa muda gani siwezi kukuambia. Mbuzi wangeweza kula kanga yangu nisijue.

Tone la kwanza lilinigonga shavuni na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Wewe ndiye uliyenifundisha. Kwetu mwanamke anayelipata tone la kwanza la mwaka hupiga vigelegele, jirani akapokea, na jirani wa jirani akapokea, mpaka vikafika mtoni. Anayenyamaza huulizwa ana kinyongo na nani. Nimefanya hivyo tangu nina meno ya utoto. Basi nikapiga, kwa nguvu zangu zote. Kisha nikasubiri jirani apokee.

Hakupokea mtu. Nikageuka. Mama mkwe na Bi Zaituni walikuwa wamesimama juu ya tuta, kanga zimewaganda mwilini, wamekimbia njia nzima. Walitazama chumvi inavyorudi kuwa maji, kisha wakanitazama mimi. Tulikwangua sote watatu mpaka ikawa tunakwangua tope.

Siku ya tatu wakaniita barazani. Alikuwapo mama mkwe, Bi Zaituni, na Bwana Bakari, baba mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba tangu baba mkwe afariki. Mume wangu Momadi hakuwapo, alikuwa kazini Afungi. Nilikaa chini mkekani, nikainamisha macho kama ulivyonifunza. Bwana Bakari alianza vizuri, akasema chumvi ni mali ya Mungu, huja na kwenda, neno la radhi tu linatosha. Ningelisema. Lakini Bi Zaituni akaingia kati.

"Hii si chumvi kuyeyuka," akasema. "Watu wa bara wana dawa ya mvua. Kaiita kwa vigelegele, nayo ikamwitika. Sote tumeona kwa macho yetu."

Nikainua macho. Najua hulipendi hilo, lakini niliyainua.

"Shangazi," nikasema, "kama siye tungekuwa na dawa ya mvua, mwaka ule wa njaa tulipochimba mizizi ya ming'oko porini mpaka vidole vikatoka damu, dawa hiyo tungekuwa tumeiweka wapi? Tumeifungia sandukuni tuitunze?"

Bwana Bakari alikohoa. Alikuwa anaficha kicheko, nilimwona. Mama mkwe hakucheka wala hakukasirika, alikuwa anatazama mikono yake. Bwana Bakari akasema basi, yaishe, nitamke radhi kwa yote na kila mtu aende kwenye shughuli zake.

Nilikataa hiyo ya yote. Nilisema hivi, na nataka uyasikie kama nilivyoyasema, maana huko yamefika yamegeuzwa:

"Naomba radhi kwa kuwa niliona wingu nikasimama. Maji ya chumvi ile nami niliyahangaikia, inaniuma. Lakini kuifurahia mvua siombi radhi. Leo siombi, na mwakani siombi."

Wakasema hiyo ni radhi nusu, hawaipokei. Nikaenda kutwanga.

Mama, nilifikiri sana kabla ya kukukasirikia. Ile mvua ndiyo iliyotulea. Ulinibeba mgongoni ukipanda mpunga katika mvua hiyohiyo. Mlipokuwa kambini, chini ya lile turubai, kila ulipoisikia inagonga juu ulikuwa unasema, sijui shamba letu linaipata hii. Ulikuwa huna hata jembe, lakini ulikuwa unaipenda. Sasa mimi nisimame mbele ya watu niseme kwamba kuipenda ni kosa? Nikiomba radhi kwa hilo nitakuwa nimeomba radhi kwa kulelewa na wewe.

Tangu siku ya baraza mama mkwe hakunisemesha. Chakula aliniachia kwenye sahani, amefunika vizuri, hakunipunja, lakini kimya. Kumbuka ile haikuwa masika yenyewe, ilikuwa mvua ya kupita. Jua lilirudi kesho yake na kunguru wakaachama tena, tukaingiza maji upya. Siku ya tisa, saa sita kamili, ambapo hata mbwa wamejificha, akanisimamia mlangoni akaniambia nimfuate salina.

Tulikaa juu ya tuta, hakuna kivuli hata cha kufunika kidole. Jasho linaniingia machoni. Akanionyesha kitalu kidogo cha mwisho. Sikuona kitu, maji tu. Akaniambia nisitazame maji, nitazame juu yake. Nikainama. Palikuwa na vumbi jeupe linaelea, na nilipotazama zaidi, kila punje ilikuwa kijisahani cha pembe nne, kimenyooka kana kwamba kimekatwa na fundi. Vinaelea, vinashikana, vinazama. Mahali kimoja kilipozama panatokea kingine. Miezi mitano nimebeba vikapu vya chumvi na sikuwahi kuona inavyozaliwa, kwa sababu saa sita mimi huwa kivulini.

"Jua hili unalolikunjia uso," akasema, "ndilo lililomnyonyesha mume wako. Baba yake alikufa mwanangu akiwa bado anatambaa. Sikuwa na ng'ombe, sikuwa na shamba. Nilikuwa na hili tu."

Nikamwambia ni zuri. Mara hii sikuwa nasema uongo na nadhani alijua. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, na lile wingu?

"Lilikuwa zuri zaidi, mama."

Alisonya. Akasema nina kichwa kigumu sana. Lakini hakuinuka, na mimi sikuinuka, tukaendelea kuungua pamoja.

Sasa Momadi. Yeye, kama unavyojua, ni mlinzi kwenye kambi ya kazi ya gesi huko Afungi, anasimama mlangoni magari yanapoingia, wiki mbili zamu na wiki moja nyumbani. Habari zilimfikia, akanipigia simu, akanisihi niseme tu hiyo radhi yaishe, neno haliondoi nyama mwilini. Nilikata simu. Nilikuwa na sababu ya kumkasirikia kuliko watu wote, Mama, kwa kuwa yeye ana siri aliyoniambia tangu tumeoana. Pale anaposimama hakuna mti, waliikata yote. Wakubwa wa kazi hutoka kwenye vyumba vyao vya baridi wamevaa miwani myeusi, wakatazama juu, wakasema kwa Kireno cha kuchechemea kwamba hali ya hewa ni nzuri mno, kisha wakarudi ndani kabla jasho halijawatoka. Yeye hubaki pale na kofia ya chuma kichwani. Mtoto wa chumvi huyu, aliyelelewa kwa jua, anasimama pale anaomba wingu. Alinitaka nisimwambie mama yake, nami sikumwambia. Hata barazani, nilipobanwa, sikulitoa. Ningelitoa ningeshinda, na ningekuwa nimemvua nguo mume wangu mbele ya wazee.

Alirudi Alhamisi. Kabla hajavua viatu, mama yake na shangazi wakamketisha wakamwambia amrekebishe mkewe, aombe radhi yote. Nilikuwa jikoni, nasikia kila kitu. Waliongea wao tu mpaka nikaanza kukata tamaa, nikasema moyoni, haya, ameshanunua amani yake kwa shingo yangu. Ndipo nikamsikia.

"Mama, miye pale portão, mlangoni kwa magari, nikiliona wingu namshukuru Mungu. Ni mwaka wa pili sasa. Nilikuwa naona haya kukuambia. Kama kulifurahia ni uchawi, basi na miye mchawi."

Mama mkwe akasema kwa sauti ya chini kwamba kumbe nyumba yake imejaa watu wa mvua. Akainuka akaenda kutazama vitalu vyake peke yake. Nilimhurumia, Mama. Sikutaka aumie hivyo. Nilitamani kumfuata, ila niliona angenifukuza.

Jana asubuhi alinijia nikiwa nafagia. Akanipa ule ubao wake mwenyewe wa kukwangulia, wenye mpini uliolainika kwa mikono yake.

"Siye wingu tukiliona tunageuza uso, tunalitazama likishakuwa kubwa," akasema. "Weye uliliona lingali dogo nyuma ya minazi. Kuanzia leo upande wa magharibi ni wako. Ukiliona, unaniita."

Nikamwambia nitamwita, nitakimbia hata kama nina chungu jikoni, na nitabeba mpaka kikapu cha mwisho. Kisha nikamuuliza, na chumvi ikishaingia bandani? Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Ikishaingia bandani, mdomo ni wako."

Kwa hiyo baina yangu na mama mkwe pamesimama pazuri, si pa kukumbatiana, lakini pazuri. Aliyebaki ni Bi Zaituni. Tangu Ijumaa, tangu Bwana Anlawe aseme yale maneno uani, amechangamka. Anafagia baraza, anaazima mikeka, anawaalika majirani, anawaambia watu wa Pundanhar wanakuja kukiri. Kukiri, Mama, ndilo neno analolitumia. Hapo ndipo nataka unielewe, hata kama mengine yote utayasahau. Jogoo wa mjomba Chande akichinjwa barazani hapa, hakuna atakayesema mmeleta jogoo kwa sababu mtoto wenu alisimama badala ya kukimbia. Watasema mmekubali kwamba tuliiita mvua. Mwaka kesho ikinyesha mapema, nitaulizwa mimi. Mbuzi akifa, nitaulizwa mimi. Nikijaliwa binti, naye ataulizwa, na atakuwa hajui hata kwa nini. Mama mkwe mwenyewe, aliyenikabidhi ubao wake jana, itabidi anyamaze, maana watu wa kwetu wenyewe watakuwa wamekiri.

Basi jogoo abaki. Mumle, au mumwache awike. Mjomba Chande akitaka kuja kunitembelea, aje kwa furaha, nimemkumbuka mno, nitampikia samaki wa nazi mpaka asahau njia ya kurudi. Lakini akija na jogoo kaning'inizwa kwenye pikipiki kichwa chini, nitampokea, nitamtandikia mkeka, nitamnawisha mikono, na mbele yake na majirani wote aliowaalika Bi Zaituni nitasema tena yaleyale niliyoyasema. Itakuwa aibu kubwa kwake, na mimi sitaki kumwaibisha mtu aliyenilipia karo.

Nisalimieni wote. Msalimieni baba mkubwa mwenye duka la dawa, mwambieni ile ya macho imenifaa. Msalimieni bibi, mama yake baba, mpigieni kelele sikioni mpaka asikie kwamba ni mimi. Msalimieni wifi yangu mke wa kaka, aliyejifungua, nasikia mtoto analia usiku kucha, Mungu amkuze. Msalimieni mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, mwambieni Yasini ninaisoma bado bila kutazama. Na wewe dada Atija, ahsante kwa macho yako. Momadi anawasalimu, mama mkwe naye ameniambia niandike jina lake, nimeliandika.

Mama, niombee afya, usiniombee radhi. Siku nitakayokosa kweli, nikamtukana mzee au nikaiba au nikamvunjia mume wangu heshima, tuma mtu anirudishe nyumbani, nitafunga mkeka wangu nitakuja kwa miguu hadi mlangoni pako na sitasema neno. Kwa mvua, sirudi.

Mimi mwanao,
Anshia